Bi Sindano na Kifaa cha Kusomea Vitabu

Mtaani walimwita Bi Sindano, na si kwa sababu ya cherehani tu. Ulimi wake nao ulichoma. Sasa fikiria mtu wa ulimi ule akae wiki mbili nzima bila neno! Ndivyo ilivyokuwa alipokwenda mara ya kwanza kumwona binti yake aliyeolewa nchi ya mbali. Mama wa mkwewe, mjane aliyeishi nao, hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, na yeye hakujua lugha ya wenyewe. Wakabaki sebuleni wakichekeana kama mabubu. Alirudi nyumbani roho inamuuma.

"Mwanangu anatunzwa na yule mama sasa," alimwambia dada yake, "na mimi simjui hata anavyocheka kwa dhati."

Mwaka mzima akahudhuria darasa la lugha. Safari ya pili ilipokaribia, siku mbili ndani ya treni, akaenda dukani kutafuta kifaa cha kusomea vitabu chenye kamusi humo humo, maana kamusi yake ya karatasi ilikuwa nzito kama pasi ya mkaa.

Muuzaji, mwanamke mchangamfu, akamwekea viwili mezani.

"Hiki ni kishikwambi, mama. Kina rangi, video, kila kitu. Hiki kidogo ni cha vitabu tu, tena cheusi na cheupe. Watu hawakipendi."

"Sikuja kutafuta mchumba, dada. Twende mlangoni."

Fundi cherehani hanunui kitambaa kwa taa ya duka. Hukitoa juani kwanza. Bi Sindano akavitoa vyote viwili. Kishikwambi kikamwonyesha uso wake mwenyewe, makunyanzi na yote. Kile kidogo kikatulia kama ukurasa. Akakuza herufi mpaka akazisoma kwa umbali ule ule anaotungia uzi.

"Haya, zima mtandao. Njiani haupo."

Muuzaji akazima. Bi Sindano akagusa neno kwenye kishikwambi. Kakiduara kakazunguka, kakazunguka, wapi! Akagusa kwenye kile kidogo, maana ikatokea papo hapo.

"Kizuri chajiuza. Nifungie hicho."

Kwenye kifaa hakukosea. Alikosea kwenye kitabu. Binti yake alimshauri asome hadithi nyepesi za watoto, za paka na mpira. Kwa umri ule? Thubutu! Bi Sindano akaweka riwaya ya mauaji ya lugha ile ile. Siku mbili akawa anagusa maneno: sumu, maiti, mshukiwa, ushahidi. Abiria wa pembeni alimkaribisha chai mara tatu, hakusikia. Raha iliyoje!

Jioni aliyofika, mjane alimpakulia supu. Ilikuwa tamu kweli, na Bi Sindano akataka kuisifu. Akapekua kichwani. Lo! Ya darasani yote yalikuwa yameyeyuka kwa woga, yamebaki ya treni. Je, ndiyo wanarudi kwenye ububu ule ule? Hapana, bora aaibike. Akajikaza, akasema polepole kwa lugha ya wenyewe:

"Mama, supu hii haina sumu."

Kijiko kikamponyoka binti yake. "Mama! Unasema nini?"

Mkwe aliinamia sahani, mabega yanamtikisika. Mjane alimkazia macho mgeni wake, uso mkavu kabisa, kisha akajibu taratibu ili aeleweke.

"Bado. Subiri nyama."

Bi Sindano alielewa kila neno, bila kugusa popote. Akaangua kicheko, mjane naye akaangua, cha kupiga meza na kujifuta machozi kwa kitambaa cha mikono. Furaha ilimjaa kifuani akashindwa hata kula.

Walipotulia, mjane alisogeza kiti chake karibu.

"Mwaka jana hukusema chochote," alisema. "Nilidhani hunipendi."

Bi Sindano akamshika mkono. Maneno hayakuwa mengi, ila safari hii yalitosha.

"Hata mimi nilikushuku," alisema. "Ila sikupata ushahidi."