Mtunzi Wangu wa Miaka Sita Kwenye Sherehe ya Mahari

Nawaambia mwenyewe kabla watu wa mtaa wetu wa Manyatta hawajawaambia. Nimemaliza chuo juzi tu, na kazi yangu ya kwanza ni kumfundisha Atieno, msichana wa miaka sita anayesomea nyumbani na kutunga hadithi kunishinda. Mama yake alitaka nimtafutie vitu vya kumkuza kwenye utunzi, la sivyo angetafuta mwalimu mwingine. Nilizunguka naye maduka ya vitabu Kisumu nzima. Kila kitabu nilikiona chepesi, au kigumu, au nikahofia kitamharibu.

Ndipo nikaona hema la sherehe ya mahari mtaani. Wazee wakijadiliana mahari huongea maneno matamu kuliko kitabu chochote. Tukaingia, tukakaribishwa, tukaletewa samaki.

Mimi na kufikiria kwangu kote, nilisahau kwamba kwetu mgeni lazima asimame ajitambulishe. Maikrofoni ikanifikia. Atieno akaichukua.

"Huyu ni mpenzi wa zamani wa bibi harusi," akasema kwa huzuni kabisa. "Analia kila siku. Amekuja kuhakikisha dada amepata bwana mzuri."

Hema likalipuka kwa vicheko.

"Simama, Bwana, tukuone!" mzee mmoja akaita.

Nikasimama. Kutoka kwa akina mama waliokuja kumsaidia jirani kupika, akatokea Mama Atieno, mwiko mkononi, akifuta machozi ya kicheko.

"Mwalimu," akauliza, "hili ndilo somo la leo?"