Chadonai Yafika Mosocho

Mimi ni mtu wa ziwani, lakini divai nyeupe ya Chardonnay nilifundishwa Kisii mjini, katika ofisi ya bima, na mhasibu wetu. Kipaji chake kikubwa kilikuwa kimoja: kujua watu wa Nairobi wanakunywa nini kabla wao wenyewe hawajameza. Siku za mshahara alituongoza hadi mkahawa wa nyama choma juu ya duka la saruji, ambako kulikuwa na glasi moja tu ya mguu mrefu. Hiyo ilikuwa yake. Sisi wengine tulitumia za soda.

Wakati huo sifa ilikuwa ya Chardonnay nzito, ya rangi ya mafuta ya kupikia, iliyolazwa kwenye mapipa ya mwaloni mpaka ikanukia siagi na moshi. "Sikieni hiyo siagi," mhasibu alituambia, nasi tukafumba macho na kuisikia. Mimi nilisikia hadi mkate. Aliyethubutu kuagiza bia pale mezani alitazamwa kama mtu aliyevua viatu.

Kisha mhasibu akaenda semina Nairobi, akarudi na habari nyingine. Siagi sasa ilikuwa ushamba. Chardonnay, alisema, ni ya watu wasiojua kuagiza kitu kingine, na mwenye akili zake hunywa chochote isipokuwa hiyo. Tuliikana wote jioni moja, bila aibu. Mwenye mkahawa, aliyekuwa ameijaza stoo, akaanza kuipikia kuku, na nasema wazi kwamba kuku yule alikuwa mtamu kuliko hotuba zote za mhasibu.

Haukupita muda mrefu, Chardonnay ikarudishiwa heshima yake. Safari hii ilikuwa nyembamba, ya rangi ya maji ya limau, kali ya kukunja uso, haijaguswa na pipa. "Hii ndiyo safi, unaonja zabibu yenyewe," mhasibu alisema. Zabibu ilikuwa ile ile. Mimi nikaitikia kwa kichwa na kukunja uso kama wenzangu.

Ndipo nikampenda mwalimu mmoja wa kijiji cha Mosocho. Alikubali tuoane, ila akanionya kwamba kwao ni watu wa kanisa na mama yake ndiye mwenye neno la mwisho. "Akikukataa, mimi siwezi kumvuka," aliniambia. Kwa hiyo siku ya kwenda kujitambulisha nilijaza kapu sukari, unga wa ngano na blanketi. Mhasibu akaja na chupa, ile nyembamba, akaisokomeza chini ya blanketi.

"Kwao hawanywi pombe," nikamwambia.

"Hii si pombe, bwana. Ni divai. Hata kwa Biblia iko."

Nikaibeba. Nikikumbuka naudhika mpaka leo.

Mama alitupokea mimi na mchumba wangu kwa chai na ndizi za kuchemsha, kisha akatoa vitu kapuni, kimoja kimoja, akishukuru. Alipofika kwenye chupa akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Na hii inaitwa aje?"

"Chardonnay, mama."

"Chadonai." Uso wake ukang'aa. "Adonai. Hiyo ni jina ya Mungu. Hii ni ya Meza ya Bwana, si ndiyo? Mchungaji anapita hapa jioni, nitampatia abebe."

Mchumba wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Hadi leo hatujaelewana kama alitaka niseme au ninyamaze. Ningenyamaza, ningesifiwa kanisa zima mpaka mtu wa kwanza atakapoonja. Nikaona heri nifukuzwe na mtu mmoja.

"Mama, hiyo ni pombe."

Aliirudisha mezani polepole. Nilingoja nionyeshwe mlango.

"Pombe," akasema. "Na wewe unaipendanga?"

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilijitafuta ndani nikakuta siagi na limau za mhasibu, zangu sikuona.

"Sijui, mama. Ofisini walisema ni nzuri. Halafu wakasema ni mbaya. Sasa wanasema ni nzuri tena."

Aliisogeza chupa kando. "Na huyu msichana yangu? Huyu nani alikuambia ni mzuri?"

Niliona haya hata masikio yakawaka. Nilimgeukia mchumba wangu, nikaona kwamba yeye ndiye aliyekuwa akilingoja jibu kuliko mama yake.

"Hakuna, mama. Huyu walinikataza. Walisema mwalimu wa kijijini ni ushamba."

Mama akaisukuma sahani ya ndizi upande wangu.

"Kula," akasema. "Na hiyo chupa rudishia hao watu wa ofisi wanakuambianga."