Siku Tatu za Kungoja Mafuta

Nakumbuka Jumatatu moja asubuhi, mwanangu, nimeinama juu ya injini ya pikapu ya baba nyuma ya nyumba yetu Kamachumu, mikono myeusi hadi viwikoni, moyo umejaa majivuno. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa karani mjini Bukoba, nimepanga chumba Miembeni, na nilikuwa nimechukua likizo ya wiki mbili kwa kazi moja tu, kuifufua ile Pijo. Umeniuliza mara nyingi kwa nini sipendi kuizungumzia. Leo nitakuambia, na nikimaliza usinihurumie, maana sistahili.

Pikapu ile ilikuwa imekaa miaka minane bila kuwashwa. Enzi zake ilibeba kahawa ya nusu ya kijiji. Baba alipoanza kuumwa miguu aliiegesha kando ya migomba, ikabaki hapo. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Panya walizaliana ndani ya chujio la hewa. Petroli iliyobaki kwenye tangi ilikuwa imeoza na inanuka vibaya. Nilipoingiza hendeli na kuizungusha kwa nguvu zangu zote, injini haikutikisika. Pistoni zilikuwa zimeshikana na silinda kwa kutu.

Fundi mmoja mzee wa mjini alikuwa ameshanifundisha la kufanya. Toa plagi, mimina oili iliyochanganywa na mafuta ya taa ndani ya kila tundu, kisha acha siku tatu. Usilazimishe, utavunja. Nikafanya hivyo, nikavuta kigoda nikakaa kuitazama, kana kwamba nisipoitazama itakataa kulainika.

Ndipo baba, ambaye sisi Wahaya humwita Tata, akaja na fimbo yake. Akaitazama injini, akanitazama na mimi.

"Inafanya nini sasa?"

"Inalowa, Tata. Siku tatu."

"Basi mafuta yanafanya kazi bila wewe. Njoo tutembee kibanjani nikuonyeshe mipaka. Nataka ukione na kipande cha shangazi yako."

Hapa lazima nikueleze, maana ninyi mmekua na hati na ramani. Shangazi yangu Koku alirudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, hana mtoto. Siku zile kibanja cha ukoo, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kilikuwa mali ya wanaume. Mwanamke alilima kwa mumewe au kwa hisani ya kaka yake. Tata alimkatia dada yake kipande upande wa bondeni, akapanda milamula, ile mimea yetu ya mpakani. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Kilichobaki ni mrithi kuonyeshwa kwa macho, ili siku ya siku awe shahidi, na mrithi nilikuwa mimi. Shangazi huyo ndiye aliyenilea mgongoni mwake mama yangu alipofariki, nikiwa bado sijaanza kutembea.

Nilijibu nini? "Kesho, Tata. Ngoja kwanza nisafishe kabureta."

Jumanne akaja tena. Nikasema kesho. Shangazi aliniletea ndizi na maharage, akasimama akinitazama nikisugua kabureta ambayo nilikuwa nimeshaisugua mara mbili.

"Nenda na baba yako, mwana wange," akasema. "Gari bovu halina pa kukimbilia."

Nikacheka. Nilimpenda sana, lakini niliona ni maneno ya wazee ambao hawajui injini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo. Laiti lingekuwa guu langu tu lililovunjika.

Jumatano Tata alikuja na mwavuli, mvua inanyunya. Nikamwambia, "Utateleza, Tata, tusubiri jua." Mwanangu, usidanganyike na maneno hayo mazuri. Sikuwa nikimhurumia mzee. Ilikuwa siku ya tatu, nami nilitaka kujaribu hendeli mchana ule. Akageuka, akarudi ndani taratibu. Hakuniomba tena.

Mchana huo hendeli ilisogea kidogo, kisha ikazunguka. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Alhamisi yote niliimaliza kwenye platini, plagi na petroli mpya. Ijumaa kabla ya saa sita ikakohoa, ikatema moshi mweusi na makapi ya kiota cha panya, ikakubali. Ilinguruma mpaka mabati ya jiko yakatetemeka. Sijapata kufurahi vile tena maishani mwangu, na hilo nalo ni sehemu ya adhabu yangu.

Nilikimbia ndani kumwita Tata. Nikamkuta amelala sakafuni kando ya kitanda, mdomo umepinda, upande wa kulia umekufa. Kiharusi. Tulipomwinua, machozi yalikuwa yanamtoka, na mkono wake wa kushoto unaelekeza dirishani. Watu waliokuja walisema analia kwa furaha kwa kuwa amelisikia gari lake. Mimi nilijua mkono ule unaonyesha bondeni. Shangazi naye alijua, akaenda kuizima injini yeye mwenyewe, maana mimi nilikuwa nimeisahau inanguruma.

Tata aliishi wiki tatu bila kutamka neno. Nilikuwa nikikaa kando yake kutwa. Wakati wote duniani nilikuwa nao, mazungumzo hayakuwepo.

Baada ya matanga wazee wa ukoo wakakutana. Baba mkubwa, kaka yake Tata, alisema kipande cha bondeni ni chake, kwamba mdogo wake alikuwa akikilima tu kwa ruhusa yake. Shangazi akasimama kueleza. Wakamnyamazisha kwa adabu, wakisema mwenye kudai hawi shahidi wake mwenyewe. Kisha wakatushusha bondeni, na mzee aliyeongoza kikao akaniuliza, "Wewe ndiye mrithi. Baba yako alikuonyesha mpaka wa huyu mama?"

Milamula ilikuwa pale, mwanangu, tena mingi. Mingine ilikuwa ya mababu, mingine imejiotea. Niliitazama kama mtu asiyejua kusoma anavyotazama barua. Shangazi aliinamisha kichwa asinione ninavyohangaika.

"Sikuonyeshwa," nikasema, na kipande kikawa cha baba mkubwa.

Sikusema uongo. Mpaka leo natamani ningekuwa mwongo.

Najua utaniuliza mbona sikumpa sehemu katika kibanja changu. Nilimpa. Nilipiga magoti kumsihi. Akaniinua, akasema, "Leo unanipa wewe. Ukifa, mwanao ataulizwa kama alionyeshwa. Nimechoka kufukuzwa kila mwanamume wa nyumba hii anapokufa." Alikuwa na rafiki huko Kibeta, pembeni mwa mji wa Bukoba, mjane wa kanisani kwao, akaamua kwenda kuishi naye.

Na safari ya kwanza ya pikapu ile niliyoifufua ilikuwa kumhamisha shangazi yangu. Nilipakia godoro lake, sufuria mbili na jembe. Injini haikukohoa hata mara moja mpaka Kibeta. Alikaa mbele kando yangu, na tulipofika akanishukuru kwa lifti, kama mtu wa njiani. Alipofariki, miaka sita baadaye, aliacha neno kwamba asirudishwe Kamachumu. Nilikwenda kumwomba yule mjane anipe mwili. Akakataa, na alikuwa na haki. Unajua maana ya Mhaya kuzikwa nje ya kibanja cha ukoo wake, ni kama mtu asiye na kwao. Akina mama wa kanisa walimzika kwenye makaburi ya mjini, nami nikasimama nyuma kabisa.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekua na kuota mvi, na bado ananila.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mzee akikuambia njoo, acha spana ilipo, nenda na mikono yako michafu. Vyuma vinaweza kungoja miaka minane vikaamka; mtu hawezi. Wala usijifariji kwamba unamfanyia jambo jema. Mimi nilimfanyia baba yangu jambo jema, na hakuwa ameliomba.

Mungu akubariki, akupe masikio mapema. Na hekima kama hii yangu akunyime kabisa, kwa maana haiji mpaka watu wazikwe.