Barua ya Kwenda Kuacha Unga

Jumanne asubuhi nilikuwa ofisi ya serikali ya mtaa, huku kwetu Mbagala, nikisubiri barua ya utambulisho. Mbele yangu alisimama kijana mwembamba, kamasi zikimtoka, anajikuna mikono. Ni arosto, mwili ukidai heroini. Naye alitaka barua kama yangu, ili kliniki impokee aanze dawa ya kuacha unga.

Karani hakumtazama hata usoni. "Teja hana makazi. Njoo Jumatatu na mtu anayekujua."

"Kiongozi, leo ndiyo nimeamua," kijana alisema, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Hiyo Jumatatu siwezi kukuahidi."

Karani akaniita mimi. Nami, naona aibu kusema, nikasogea.

Hapo akainuka mama mmoja kwenye benchi. "Mie namjua. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mwezi uliopita kaniibia jiko la gesi. Mwandikie, nitasaini mie."

"Mama, unamtetea mwizi wako?"

"Simtetei! Nimechoka kuibiwa. Mpeni barua akatibiwe!"

Barua ikaandikwa kwa dakika tano. Kijana akaipokea, akamwamkia mama shikamoo. Mama hakuitikia. Alimwonyesha mlango kwa kidevu: "Nenda, kliniki watafunga."

Kila siku tunalia kwamba mateja wanatumaliza mtaani. Siku ile tulikuwa watu kumi kwenye foleni, wote wenye makazi na adabu zetu, na hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa yule aliyeibiwa.