Nguzo Mbili za Manjano

Kuna nyumba huku Soy ina nguzo kumi. Mimi nilichora kumi na mbili.

Nimegundua leo saa nne asubuhi, nikiwa nimesimama ndani yake.

Kwa kompyuta, zile mbili za kubeba tangi la maji nilizichora manjano. Kuna faili ndogo, CTB, inayoambia printa kila rangi itoke nyeusi na nene kiasi gani. Mama mwenye nyumba nilimtumia zote mbili nikamwambia, "Mama, mchoro na hii faili zisiachane."

Akapeleka saiba, duka la kuprinti, nao wakaprinti mchoro pekee. Manjano ikatoka manjano, hafifu. Kisha fundi akatoa fotokopi.

Kwa fotokopi, mahali pa zile mbili ni karatasi nyeupe tu.

"Fundi, nguzo za hapa ziko wapi?"

"Nguzo gani, injinia? Nimejenga vile karatasi inasema."

Akaileta. Nikahesabu mara tatu. Kumi. Na jina pale chini ni langu, miaka kumi na moja nachora.

Juu nikasikia maji.

"Hiyo ni nini?"

"Si ni tangi. Tumeanza kujaza leo."

Lita elfu tano. Hizo ni kilo elfu tano, na chini yake ni chumba cha watoto.

Tumetoa kila mtu nje. Tangi tumefungua, maji inatoka polepole sana.

Nyinyi wengine niliowachorea, mlioprintia saiba, toeni hiyo karatasi mhesabu nguzo sasa hivi. Mmepata ngapi?

Nilipofika, ufa juu ya mlango wa hicho chumba ulikuwa unaingia ukucha. Saa hii unaingia sarafu ya shilingi.