Swali la Daktari wa Ngamia

Kila asubuhi kabla ya kuwasha skrini, mwalimu wa kompyuta hupangusa jicho la kamera kwa pindo la shati, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto kamasi. Mimi humwona dirishani nikileta maziwa ya chai ya walimu. Mgeni wa kwenye skrini akianza kufundisha, yeye hukaa nyuma karibu na waya zake, mikono magotini, na hasemi kitu.

Jumatano mgeni alikuwa daktari wa mifugo, yuko Nairobi. Mwanafunzi mmoja, Deka, akasimama, akamwambia ngamia wao huko Sericho wanakohoa na wengine wameanza kuanguka.

"Pole, msichana. Mko na ngamia wangapi?"

Deka akanyamaza.

"Mwalimu, Deka ameganda kama video!" Gathogo akasema, na darasa likacheka. Daktari akadhani netiweki imepotea, akaanza kuaga. Ndipo mwalimu, naye ni mtu wa Meru, si mfugaji wa huku, akatembea mpaka mbele akainamia kamera.

"Daktari, usikate. Huku mtu hahesabu mifugo yake kwa mdomo, ni kuiitia mkosi. Muulize wanakohoa tangu lini."

"Siku nne," Deka akajibu haraka.

"Basi wanaokohoa watengwe leo. Wasinywe maji pamoja na wengine."

Mwalimu akampigia babake Deka, simu haishiki. Akaandika maneno ya daktari kwa karatasi. "Kuna lori la Sericho linatoka saa sita," akamwambia Deka. Deka akatoka mbio na karatasi kuliwahi lori, daktari bado anaongea, na siku hiyo hakurudi darasani.