Mume wangu ametoa ushuhuda wa pikapu ambayo hatujanunua

Admini, nifichie jina tafadhali, kwa sababu nusu ya kanisa letu wako kwa huu ukurasa na wanajifanya hawako.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, naishi Waithaka, nina ndoa ya miaka ishirini na tano na watoto wanne. Shule niliachia darasa la nane, lakini kazi yangu naijua. Tunakodisha mahema na viti, harusi na mazishi. Mzigo wote unaingia kwa trela, trela inafungwa nyuma ya pikapu, na familia nzima tunapanda mbele, maana sisi ndio wafungaji wa mahema. Mara nyingi tunaenda mazishi mpaka kwetu magharibi, na wenye kupita hiyo barabara mnaijua. Kuna mahali unashuka na trela inakusukuma mgongoni kama iko na haraka ya kufika mbinguni.

Pikapu yetu ya zamani imekufa. Tukakubaliana tutafute nyingine ya diseli, hata ikiwa imetumika ni sawa, lakini iwe na nguvu. Mume wangu, badala ya kutafuta fundi, akamwita kakake.

Huyu shemeji mniache nimweleze. Anafanya kazi ya ofisi hapo mjini na hajawahi kuvuta hata mkokoteni. Lakini anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba, anaongea bila kupumua, na kwa ukoo wao anayeongea sana ndiye mtaalamu. Tulienda yadi moja ya kuuza magari, Kinoo. Akazunguka pikapu nyeusi ya milango minne, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Akapiga tairi teke mara mbili, akajipiga picha ameegemea mlango, akasema, "Bro, hii ni mashine. Cheki rimu! Ukiingia nayo kanisani hata pasta atasimama."

Huo ndio ukaguzi wote. Mume wangu akawa anatingisha kichwa kama mjusi.

Mimi nikaweka mkono juu ya boneti. Ilikuwa moto. Nikamuuliza muuzaji, "Kwani mmetoka nayo wapi?"

"Ni jua tu, mama."

Jua! Asubuhi ya ukungu, sisi wote tumevaa majaketi. Nikasema basi, tuende nayo nyumbani, tufunge trela na viti vyote, tupande nayo kilima tuone. Shemeji akacheka akashika tumbo. "Shem, hii ni gari, si punda. Gari haijaribiwi na viti." Mume wangu naye akacheka. Mungu anisamehe, niliwaangalia wanaume wawili wazima na nikawaona wadogo sana.

Jumatatu nilirudi huko peke yangu, mapema, kabla muuzaji hajafika. Nikamwomba mlinzi, mzee wa heshima zake, aiwashe. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikakohoa. Ya nne ndiyo ikashika, na moshi mweupe ukajaa yadi mpaka sikuona geti. Mzee akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, hii huwa tunaiamsha kabla wateja wakuje. Mimi sijakuambia." Nikainama nikaangalia chini. Chasi imepakwa rangi mpya nyeusi, na chini ya hiyo rangi, hapo hapo trela inapofungwa, kuna ufa umechomelewa.

Nikaenda nyumbani nikijua haya maneno yameisha. Nikamweleza mume wangu yote. Akaangalia viatu vyake, akasema, "Mama Faith, umechelewa. Jana nilishuhudia."

Sikuwa nimesikia, nilikuwa jikoni kwa kanisa na kina mama tukipika chai ya wageni. Kwetu kuna desturi ya kushukuru kwa imani, unashuhudia kitu kabla hujakipokea. Basi amesimama na picha kwa simu, amesema Bwana amempa pikapu. Watu wameimba. Pasta ametangaza Jumapili hii gari liletwe lipakwe mafuta ya upako. Na wazo, mmeshajua, lilikuwa la kakake.

"Sasa nikarudi niseme nini?" ananiuliza. "Nimfanye Mungu mwongo?"

"Baba Faith, Mungu hakukuwa Kinoo. Mlikuwa wewe na kakako."

Akampigia shemeji simu, akamweleza, akaweka spika ili nikaripiwe. Shemeji akasema, "Shem, wacha roho ya upinzani. Pasta akishapaka hayo mafuta, hiyo moshi itaisha."

Mimi naamini upako kabisa. Mtoto wangu wa tatu yuko hai kwa maombi. Lakini sijawahi kusikia upako umeunganisha chasi.

Ijumaa tunatakiwa kwa wakili mjini. Biashara imeandikwa jina langu, bila sahihi yangu hakuna kununua. Mume wangu amesema nikikataa nimemuua mbele ya kanisa, na ataacha ushemasi. Hajaniuliza hata mara moja, watoto wetu wakiwa ndani na ile trela ikikatika kwa mteremko, itakuwaje.

Kusaini sitasaini, hapo msinishauri. Shida yangu ni Jumapili. Watu watatoka nje na chupa ya mafuta kungojea gari ambalo halipo. Je, nisimame mimi nimfunike, niseme kosa ni langu? Ama nikae kwa benchi nimwache ajieleze, pengine mara hii atajifunza? Nampikia, namwombea, bado namwita baba. Lakini heshima imenitoka, na nikipiga magoti kuomba irudi, najikuta naomba tu aaibike. Msiniambie niombe, naomba. Niambieni nifanye nini.